Namna ya kukimudu kitenzi "get": tazama neno linalokifuata

Mwanafunzi anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza hukutana na "get" mapema sana, na karibu kila mara huambiwa kwamba maana yake ni "kupata". Jibu hilo linamfaa kwa sentensi chache. Kisha anasoma "It is getting dark" na kujiuliza giza linapata nini. Anafungua kamusi na kukuta orodha ndefu: kupata, kupokea, kununua, kuchukua, kufika, kuwa, kuelewa, kuugua. Anaikariri, na baada ya siku chache imeshamtoka kichwani.

Nashauri orodha hiyo iachwe kabisa. "Get" inabeba wazo moja tu, nalo ni kuingia katika hali mpya. Hukuwa na kazi, sasa unayo. Hukuwa na hasira, sasa umekasirika. Ulikuwa Morogoro, sasa uko Dodoma. Ni hali gani hasa umeingia, hilo utaambiwa na neno linalokuja baada ya "get". Kwa hiyo ukikiona kitenzi hiki, macho yako yasiishie hapo, yaende mbele yakatazame kinachofuata: ni jina la kitu, ni kivumishi, ni mahali, au ni kitenzi kingine? Mwongozo huu unafuata njia hiyo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: yajue maumbo yake

Wakati uliopo ni "get", na "gets" kwa nafsi ya tatu umoja. Umbo la kitendo kinachoendelea ni "getting", lenye t mbili, na wengi huandika moja. Wakati uliopita ni "got". Umbo la tatu, lile linalokaa baada ya "have", ni "got" kwa Mwingereza na "gotten" kwa Mmarekani, tutalirudia mbele.

Jifunze pia kukisikia. Mmarekani huilegeza t iliyo kati ya irabu mbili hadi inakaribia d au r ya haraka, kwa hiyo "get up" husikika kama "gerap" na "get it" kama "gerit". Anayejifunza kwa filamu anaweza kumsikia mtu akisema "gerap" mara nyingi asijue kuwa ni neno analolijua tangu kidato cha kwanza.

Hatua ya pili: likifuata jina la kitu

Hapa ndipo "kupata" inapofaa. "She got a job" ni alipata kazi. "I got your message" ni niliupata ujumbe wako. "He got an A in Biology" ni alipata A katika Biolojia. Muktadha ndio unaoamua kama kitu hicho kimepokelewa, kimenunuliwa au kimechukuliwa: "I got some tomatoes at the market" bila shaka zimenunuliwa, na "Go and get the ball" ni kaulete mpira. Magonjwa nayo yamo, "get malaria", "get a cold". Hata hali ya hewa: "Bukoba gets a lot of rain".

Wakitajwa mtu na kitu kwa pamoja, mtu hutangulia. "Get me a chair" ni nipatie kiti. Kazi inayofanywa na kiambishi "i" katika "patia" hufanywa na nafasi ya "me" katika Kiingereza, kwa hiyo usiongeze "to" na kusema "get to me a chair". Ukitaka kumtaja mtu mwishoni tumia "for": "get a chair for me". Lakini angalia adabu. Sisi tukiingia mgahawani husema "naomba soda", na hiyo "naomba" inatosha kulainisha kila kitu. "Get me a soda" haina "naomba" ndani yake, ni amri. Sema "Could I get a soda, please?" au, kwa masikio ya Mwingereza, "Could I have a soda, please?"

Sasa tufike kwenye mtego wenyewe, nao hauko katika "get" bali katika "kupata" yetu. Kitenzi chetu hiki ni kipana, na kinakwenda mahali ambapo "get" haiendi. Katika Afrika Mashariki nzima utasikia "I got an accident". Mgeni ataelewa, lakini si Kiingereza anachokizungumza yeye. Yeye husema "I had an accident". Vivyo hivyo aliyepata mtoto: "She had a baby". Aliyepata tatizo njiani: "I had a problem on the way". Aliyepata kifungua kinywa: "I've had breakfast".

Namna ya kutofautisha ni hii. Jiulize kama ulichokipata ni kitu kilichokufikia ukawa nacho, kama kazi, barua, alama, fedha, ruhusa. Hapo tumia "get". Kama ni tukio lililokupitia, kama ajali, mlo, uzazi, kikao, basi Kiingereza hupenda "have". Biashara ina kitenzi chake cha tatu: kupata faida ni "make a profit", kupata hasara ni "make a loss". Na neno shida lina mitego miwili. "Tulipata shida kupata nyumba" ni "We had trouble finding a house". "Kupata" zimetokea mara mbili na hakuna hata moja iliyogeuka "get". Ukisema "We got into trouble" umesema jambo jingine kabisa, kwamba mliingia matatani na pengine mtaadhibiwa.

Matumizi mengine ya "kupata" yako mbali zaidi. Kisu kisichopata ni "a blunt knife". Kijana aliyepata jiko "has got married". Na "sijapata kuona jambo kama hili" ni "I have never seen such a thing". Usijaribu kuitafsiri kwa "get", kwa sababu "I didn't get to see it" ina maana yake nyingine tutakayoikuta katika hatua ya saba.

Hatua ya tatu: likifuata kivumishi

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote, kwa sababu ukiielewa utaacha makosa mengi kwa mara moja.

Kiswahili kina vitenzi vya kuingia katika hali: kuchoka, kulewa, kukasirika, kulowa, kuchelewa, kunenepa, kuzeeka. Kiingereza kwa kawaida hakina kitenzi kimoja kwa kila hali. Kina kivumishi, "tired", "drunk", "angry", "wet", "late", "fat", "old", na kukifanya kivumishi hicho kiwe kitendo hukitanguliza na "get". Kwa hiyo "get tired" yote kwa pamoja ni kitenzi kimoja, kuchoka. "Get" hapo haitafsiriwi peke yake.

Kisha angalia viambishi vyetu vya wakati, maana vinakupa jibu tayari. Kiambishi "me" kinaonyesha hali ambayo mtu yumo sasa, na Kiingereza huieleza kwa "be": amechoka, "she is tired", amelewa, "he is drunk", tumelowa, "we are wet". Kiambishi "na" katika vitenzi hivi kinaonyesha hali inayoingia, na hapo ndipo panapohitaji "getting": ninachoka, "I'm getting tired"; anakasirika, "he is getting angry". Kiambishi "li" kinaonyesha wakati hali ilipoingia, na hapo panahitaji "got": alikasirika, "he got angry", tulilowa, "we got wet".

Ndiyo maana "I have tired" si sahihi kama tafsiri ya nimechoka, ingawa mwalimu alikwambia "me" ni "have". Na ndiyo maana "he was angry" na "he got angry" si kitu kimoja. Ya kwanza ni alikuwa amekasirika, ulimkuta tayari ana hasira. Ya pili ni alikasirika, alikuwa mtulivu kisha jambo fulani likamuudhi. Ukisimulia kisa na ukachanganya hizi mbili, msikilizaji anapoteza mfuatano wa mambo.

Kuzoea ni mfano mzuri wa mwisho. Nimezoea, "I am used to it". Ninazoea, "I'm getting used to it". Nilizoea, "I got used to it". Baada ya hiyo "to" huja jina la kitu au kitenzi chenye "ing": "I got used to waking up early". Usiichanganye na "I used to wake up early", ambayo ni nilikuwa naamka mapema zamani na sasa siamki tena.

Si kila kivumishi kinakubali "get". Usingizi ni "fall asleep". Kuugua ghafla ni "fall ill", ingawa "get ill" na "get sick" pia husemwa. Maziwa yanayoharibika "go bad". Na kama kinachofuata si kivumishi bali ni cheo au kazi, "get" haifai kabisa. "She got a teacher" maana yake alipata mwalimu wa kumfundisha. Akawa mwalimu ni "She became a teacher".

Hatua ya nne: likifuata mahali

Hapa "get" ni kufika. "We got to Dodoma at noon." "What time do you get to work?" Tumia "to" mbele ya jina la mahali, lakini uiache mbele ya "home", "here" na "there". "I got home late" ndiyo sahihi. "I got to home" si sahihi. Kosa hili hutokana na sisi kusema "nilifika nyumbani" kama tunavyosema "nilifika sokoni", kwa umbo lilelile.

Hatua ya tano: likifuata umbo la tatu la kitenzi kingine

"He got paid." "She got promoted." "They got caught." Hii ni kauli ya kutendwa: alilipwa, alipandishwa cheo, walikamatwa. Ungeweza kutumia "was" na "were" badala ya "got", na kwenye maandishi rasmi afadhali ufanye hivyo. Lakini "got" inaleta mambo mawili. Kwanza, inaonyesha tukio waziwazi. "The window was broken" inaweza kuwa dirisha lilikuwa limevunjika au lilivunjwa. "The window got broken" ni tukio la kuvunjika tu. Pili, mara nyingi hubeba hisia ya bahati, nzuri au mbaya, iliyomfika mtu: "got fired", "got robbed", "got selected". Kwa vitenzi vya kujua, kupenda na kuamini haifai. Mtu aliyependwa na wote "was loved by everyone".

Sentensi mbili za hapa zinahitaji uangalifu wa pekee.

Ya kwanza ni ndoa. Kiswahili hutofautisha kuoa, kuolewa na kuoana. Kiingereza kina "get married" kwa wote watatu. Amina aliolewa na Juma, na mwanafunzi akiifuata hiyo "na" ataandika "Amina got married by Juma". Sentensi hiyo ipo katika Kiingereza, lakini inasema Juma ndiye aliyefungisha ndoa, yaani Juma ni shehe au padri. Neno linalotakiwa ni "to": "Amina got married to Juma". Na kwa upande wa Juma ni vilevile, "Juma got married to Amina".

Ya pili ni wizi. Nimeibiwa simu, na wengi husema "I was stolen my phone". Katika Kiingereza kinachokuwa "stolen" ni simu. Mtu akiwa "stolen", yeye mwenyewe kabebwa. Sema "My phone got stolen", au "I had my phone stolen". Ukitaka kujitaja wewe kama mwathirika, kitenzi ni kingine: "I got robbed".

Hatua ya sita: mtu au kitu kikiingia katikati

Sasa "get" inafuatwa na mtu au kitu, kisha neno jingine. Hii ni kazi inayofanywa na kauli yetu ya kutendesha, na ina sura tatu.

Sura ya kwanza ni kitu na kivumishi. Kulowa ni "get wet". Kulowesha ni "get something wet". "Don't get your shoes wet", usiloweshe viatu vyako. "Get the children ready", waandae watoto.

Sura ya pili ni kitu na umbo la tatu, na hii tunaihitaji kila wiki. Msichana anayekwenda saluni husema "naenda kusuka", ingawa atakayesuka ni msusi. Mteja husema "nimeshona gauni la Idi", ingawa aliyekaa kwenye cherehani ni fundi. Kiswahili kinaruhusu, na kila mtu anaelewa. Kiingereza huwa kinataka ijulikane kwamba kazi imefanywa na mwingine. Kwa hiyo ni "I'm going to get my hair braided" na "I got a dress made for Eid". Ukisema "I sewed a dress", watu watakuuliza ulijifunza lini ushonaji. Kunyoa kinyozini ni "get a haircut" au "get my hair cut". Kumpelekea fundi simu ni "get my phone repaired"; "I repaired my phone" ni kujisifu kwa kazi ya mtu mwingine. Kuhuisha pasipoti, kupima damu, kufanyiwa uchunguzi wa macho, zote zinaingia hapa: "get my passport renewed", "get my blood tested", "get my eyes checked".

Sura ya tatu ni mtu na "to" na kitenzi. "I got him to sign", nilimshawishi hadi akasaini. Ndani ya "get" hii kuna juhudi: kulikuwa na kusitasita, ukabembeleza au ukaeleza, mwisho mtu akakubali. "Make" haina kubembeleza, ni kulazimisha: "I made him sign". "Let" ni kumruhusu. Angalia kwamba "make" na "let" hazichukui "to", na "get" ni lazima ichukue. "I got him sign" na "I made him to sign" ni makosa mawili ya jamaa moja, na yote yanasikika sana.

Hatua ya saba: likifuata "to" na kitenzi moja kwa moja

"I got to meet her." Nilipata nafasi ya kukutana naye. Hii ni furaha ya fursa. "I never got to thank him", sikupata nafasi ya kumshukuru. "Get to know" ni kumfahamu mtu polepole, kadiri siku zinavyokwenda: "I got to know them when we worked in Tanga".

Usiichanganye na "I've got to", ambayo ni lazima. "I got to go to Zanzibar" ni nilibahatika kwenda Zanzibar. "I've got to go to Zanzibar" ni sina budi kwenda. Katika mazungumzo ya haraka "I've got to" hukunjwa na kuwa "I gotta". Ielewe ukiisikia lakini usiiandike kwenye barua.

Hatua ya nane: vijineno vidogo vinavyofuata

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu vitabu huwamwagia mchanganyiko wa mamia kwa siku moja. Anza na safari, kwa kuwa utavitumia leo hii.

Kupanda na kushuka. Kwa basi, treni, meli na ndege ni "get on" na "get off". Kwa gari dogo na teksi ni "get in" na "get out of". Kanuni inayofaa mara nyingi ni hii: chombo unachoweza kusimama ndani na kutembea, au unachokikalia kwa kutanua miguu, ni "on". Kwa hiyo daladala na matatu ni "get on", bodaboda na baiskeli pia ni "get on", na bajaji ni "get in". Kondakta ukitaka kumwambia nashuka hapa, ni "I'm getting off here". "Get down" si kushuka kwenye basi. Ni kuteremka kutoka juu ya mti au ngazi, na mtu akikupigia kelele "Get down!" barabarani, inama haraka, maana anakuonya kuhusu hatari.

Baada ya hapo ongeza haya machache. "Get up" ni kuamka na kutoka kitandani, tofauti na "wake up" ambayo ni kufumbua macho. "Get back" ni kurudi, na "get my money back" ni kurudishiwa fedha zangu. "I'll get back to you" ni nitakujibu baadaye, ahadi utakayoisikia sana maofisini. "Get along" kwa Mmarekani, na "get on" kwa Mwingereza, ni kuelewana: "She gets along with her in-laws", anaelewana na wakwe zake. "Get over" ni kupona au kutoka katika uchungu wa jambo. "Get by" ni kujikimu kwa kidogo ulichonacho. "Get rid of" ni kuondokana na kitu. "Get away with" ni kufanya kosa na kuepuka adhabu. Na "get through" ni kumpata mtu kwenye simu. Ukipiga na kuambiwa mteja hapatikani kwa sasa, useme "I couldn't get through to him".

Hayo yanatosha kwa mwanzo. Yatumie hadi uyazoee, kisha mengine uyaokote moja moja ndani ya sentensi ulizozisoma au kuzisikia, kamwe si kutoka kwenye orodha.

Hatua ya tisa: "have got", "got" na "gotten"

"I've got a pen" ni nina kalamu, sawasawa na "I have a pen". Waingereza huipenda sana ya kwanza katika mazungumzo. Inahusu sasa tu. Kwa wakati uliopita rudi kwenye "had". Swali lake ni "Have you got a pen?" Usichanganye miundo miwili na kusema "Do you have got a pen?"

"Gotten" wengine hudhani ni uharibifu wa Kimarekani. Sivyo. Ni umbo la zamani la Uingereza yenyewe. Limo katika Biblia ya Kiingereza iliyochapwa London mwaka 1611, kwenye Mwanzo 4:1, pale Hawa anapompata Kaini. Wahamiaji wa karne ya 17 walikwenda nalo Marekani, na huko likabaki hai huku nyumbani likififia. Waingereza bado wanalo ndani ya "forgotten". Mmarekani hulitumia kwa kupata na kubadilika tu: "I've gotten a letter", nimepokea barua, "It's gotten cold", baridi imeingia. Kwa kumiliki na kwa lazima naye husema "got": "I've got a car", "I've got to go". Shule za Kenya na Tanzania hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani andika "got".

Hatua ya kumi: jua lini uiache

Kitenzi hiki kililetwa Uingereza na Waskandinavia wa kale, wale Vikingi waliovamia na hatimaye kuhamia huko kuanzia mwisho wa karne ya 8, pamoja na maneno mengine ya kila siku kama "take" na "want". Ni neno la nyumbani, la shambani na la sokoni. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mahakama na ya wakubwa, na maneno kama "obtain", "receive", "acquire" na "arrive" yakaingia kupitia mlango huo. Mgawanyo huo upo hadi leo. Kwenye barua ya kuomba kazi andika "I received your letter", "I obtained my diploma", "I became a supervisor". Kwa rafiki ukisema "I obtained your message" utaonekana umeweka umbali kati yenu.

Kuna walimu wanaopiga marufuku "get" kabisa kwenye insha. Naelewa nia yao, wanataka msamiati ukue. Lakini mwanafunzi aliyenyimwa kitenzi hiki kwa miaka minne humaliza shule akiweza kusoma gazeti na asiweze kuagiza chakula. Afadhali afundishwe mahali pake pote pawili.

Zoezi

Tafsiri sentensi hizi kwanza bila kutazama majibu: Ninaanza kuchoka. Sikupata nafasi ya kumuaga bibi. Nimeibiwa baiskeli. Baba alipata ajali mwaka 2019. Mama alimshawishi arudi shule. Kesho naenda kunyoa. Tulifika nyumbani usiku. Bado sijaizoea baridi ya hapa.

Majibu yanayokubalika ni haya. "I'm getting tired", kwa sababu hali ndiyo kwanza inaingia. "I didn't get to say goodbye to Grandma." "My bike got stolen", au "My bike has been stolen" ukitaka kuonyesha kuwa ni habari mpya. "Dad had an accident in 2019", bila "got", kwa kuwa ni tukio. "Mum got him to go back to school", na kama hukuweka "to" mbele ya "go", rudi hatua ya sita. "I'm getting a haircut tomorrow" au "I'm going to get my hair cut tomorrow". "We got home at night", bila "to". Ya mwisho ni "I haven't got used to the cold here yet". Aliye Marekani ataandika "gotten" mahali pa "got", na wote wawili wanaweza kusema pia "I'm not used to the cold here yet", ambayo inataja hali yenyewe bila kutaja kuingia kwake.